CNA Marekani: nyumba ya wazee au nyumbani kwa mgonjwa?

Mkenya au Mkongo anayefika Marekani mara nyingi huambiwa na wenzake, "Anza na CNA," yaani msaidizi wa muuguzi. Shauri zuri, ila kazi yenyewe ina milango miwili.

Nyumba ya wazee ndiyo yenye suluba. Wazee kumi au zaidi mikononi mwako: kuogesha, kulisha, kubadilisha nepi, kumgeuza asiyejiweza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Kumnyanyua mtu kitandani unamfunga mkanda kiunoni, unakunja magoti, mnahesabu pamoja hadi tatu. Ukitumia mgongo badala ya miguu, utajuta usiku. Lakini wenzako wapo, na nesi yuko hatua chache.

Nyumbani kwa mgonjwa kumetulia. Mtu mmoja, chakula chake, kumkumbusha dawa, stori zake za zamani. Shida ni upweke, na usafiri ni juu yako. Akilazwa hospitali, saa zako zinakatika, na hela nazo.

Mafunzo hayapishani sana: sheria ya shirikisho inataka angalau saa 75 kwa CNA, na vilevile kwa wahudumu wa nyumbani wa mashirika yanayolipwa na Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee. CNA ana mtihani wa nadharia na vitendo. Hata kunawa mikono unapimwa.

Kwa takwimu za serikali za Mei 2023, mshahara wa kati wa wasaidizi wa wauguzi ulikuwa dola 38,200 kwa mwaka. Wahudumu wa nyumbani, 33,530. Mimi ningeanzia nyumba ya wazee, nikiwa bado na kiuno.