Rangi ya vigae ya makopo mawili: bafu la mama baada ya miezi minane

Asalaam aleikum, ndugu zangu, habari za tangu siku ile. Niko bafuni kwa mama, hapa Makorora, Tanga, ndiyo maana mnasikia sauti inarudi. Hebu tazameni ukuta huu. Chini ya huu weupe kuna vile vigae vidogo vya kijani vya nyumba za zamani, na hakijang'olewa hata kimoja. Nilivipaka rangi mwezi wa pili, kabla masika hayajaingia. Leo tuko mwezi wa kumi. Sikutaka kurekodi siku ile rangi ilipokauka, maana siku ile kila rangi inapendeza.

Fundi aliyekuja kukagua alitaja milioni moja na laki mbili: kuvunja, kutoa kifusi, kubandika vipya. Mimi mkononi nilikuwa na laki mbili, na wikiendi mbili tu, Jumamosi na Jumapili. Nikanunua rangi ya epoksi ya vigae, hii ya makopo mawili: kubwa la rangi, dogo la hadina. Hadina ndiyo inayoifanya iwe ngumu. Rangi hii haikauki kwa kungoja hewa. Ukishachanganya tu, yenyewe kwa yenyewe inaanza kushikana, na ikishashikana maji hayaiyeyushi. Kwa hiyo usichanganye kopo zima kwa pupa. Ikigandia kwenye chombo, imekwenda na pesa yako. Fuata vipimo vya kwenye lebo, changanya ya ukuta mmoja, paka, ndipo uchanganye nyingine.

Sasa, niseme lililo moyoni. Watu wengi wanaisema vibaya rangi hii kwamba inabanduka, na nikiwauliza waliandaaje ukuta, wananiambia waliufuta kwa kitambaa. Mama yangu aliniambia, "Mwanangu, mtu hajaoga humvishi kanzu." Bafu hili lina miaka ya mafuta ya sabuni na magamba meupe ya maji ya kisima. Wikiendi ya kwanza yote sikugusa rangi. Ukungu mweusi niliuua kwa dawa ya klorini, nikasuuza mpaka harufu ikaisha. Magamba niliyatoa kwa siki, siku ya pili yake. Nawaomba sana, hivyo viwili msivikutanishe. Klorini na siki vikikutana hutoa gesi ya sumu, na madirisha ya mabafu yetu mnayajua yalivyo madogo.

Kisha msasa wa maji, namba 220, kigae kimoja kimoja, ukiwa umelowa ili vumbi lisipae ukalivuta. Unasugua mpaka ule mng'aro ufe. Si lazima uchimbe, mng'aro ufe tu. Nisogeze kamera hapa nyuma ya mlango, kuna kigae nilikiacha makusudi ili niwaonyeshe. Hiki sijakisugua. Nadondosha tone la maji… mnaliona? Limejikusanya, limesimama kama ushanga. Maana yake pana mafuta, na rangi nayo ingesimama vivyo hivyo juu juu. Kigae kilichosafishwa, maji yanatandaa. Nilipita ukuta mzima na bilauri ya maji nikijaribu, na kila tone liliposimama nilirudia kusugua. Ni kazi, mabega yaliniuma, lakini huu ukuta unaouona leo umeshikiliwa na kazi ile.

Wikiendi ile ile nilikwangua grauti iliyooza, ule ujazo wa kati ya vigae, nikatia mpya, nzito kama dawa ya meno, nikaisukumiza mshazari wa mstari ili ijae mpaka ndani. Ikakaa wiki nzima ikikauka mpaka nilipopata nafasi tena. Nilipaka mikono miwili, yaani mara mbili, kwa rola ndogo ya sponji, na kona kwa brashi. Harufu ni kali. Barakoa ya kitambaa haiizuii. Fungua dirisha na mlango, weka feni mlangoni itoe hewa nje, na watoto wakalale chumba cha mbali.

Kosa nililofanya ni hili, njooni kwenye kona hii. Mnaona huu mstari uliobanduka, upana wa kidole? Hapa nilitia silikoni, ule mpira wa kuziba kona, kabla ya kupaka. Rangi haishiki juu ya silikoni, abadan. Silikoni ya zamani itoe yote, paka rangi, iache ikauke, ndipo utie silikoni mpya, na uilainishe kwa kidole ulichochovya kwenye maji ya sabuni. Kona zile tatu nilizofanya hivyo ziko salama.

Basi ukuta: baada ya masika, baada ya mvuke wa maji ya moto ya mama kila asubuhi, umeshika. Naipa alama nzuri kabisa.

Sakafu, hapana. Tazameni hapa chini ya bomba. Hili duara, ni kitako cha ndoo. Kila siku ndoo inaburutwa, na ule mchanga unaoingia na ndala unasaga kama msasa. Mwezi wa nne ilianza kuchubuka, sasa kijani kimetokeza. Tena ikilowa inateleza, na mama ana miaka sabini na mbili. Muuzaji aliniambia inafaa kotekote. Mimi niliyeishi nayo nasema ni ya ukuta. Sakafu yangu nitaikwangua, niache vigae vya zamani na grauti mpya. Vya zamani angalau havitelezi.

Kilichobaki kwenye zile laki mbili nilinunua mpira wa ndani ya tangi la flashi, vitu vya elfu chache. Choo kilikuwa kinavuja kimya kimya. Nilijua kwa kutia rangi ya chakula, ile ya biriani, ndani ya tangi, nikangoja nusu saa bila kuflashi. Maji ya bakuli yakawa ya manjano. Fanyeni hivyo leo kwenu, mtashangaa maji mnayoyalipia.

Ukienda kuinunua hii rangi ya vigae hapa mjini, kabla hujatoa pesa soma tarehe kwenye makopo yote mawili, si kubwa peke yake. Kisha litikise lile dogo karibu na sikio. Hadina nzima utaisikia inacheza humo ndani. Kopo la kwanza nililopewa lilikuwa kimya, nikalirudisha pale pale kaunta.