CLIP kwa mwenye babu baharia: namba ya meli kwanza, jina la mzee baadaye

Rungwe, Kyela, Njombe hata Iringa mjini, hukosi ukoo wenye mzee anayesemwa kwamba "alikwenda na meli za Mwingereza". Kilichobaki nyumbani huwa ni kitabu cha baharia kilichojaa mihuri, picha moja ya studio ya Mombasa au Dar, na jina la meli ambalo kila mjukuu analitamka kivyake. Kwa familia ya namna hiyo, tovuti ya Crew List Index Project (CLIP), kazi ya watu wa kujitolea Uingereza, ndiyo pa kuanzia, na ni bure. Wengi huikimbia mapema kwa sababu huandika jina la babu, wakaambulia patupu.

Majina ya mabaharia yamo kiasi, lakini nguvu ya CLIP ni kutafuta meli. Hati za mabaharia wa meli za Uingereza, yaani orodha za wafanyakazi wa meli na mikataba yao, zilihifadhiwa kwa namba rasmi ya meli, siyo kwa jina la mtu. Utaratibu wa namba hizo ulianza 1855. Namba ilichongwa kwenye boriti kuu na haikubadilika hata meli iuzwe mara tatu na kupewa jina jingine. Ukitaka kuizoea tovuti, ingiza 131428: itakuletea Titanic, bandari ya usajili Liverpool.

Sasa chukua kitabu cha mzee. Kila safari ina mstari wake: jina la meli, namba rasmi, bandari ya usajili na tani, kisha tarehe na mahali alipopandia, kazi aliyoandikiwa, tarehe na mahali aliposhukia, na mwishoni mihuri miwili ya nahodha, mmoja wa ujuzi na mmoja wa tabia. V.G. (Very Good, vizuri sana) ni sifa njema. D.R. (Decline to Report) maana yake nahodha alikataa kutoa maoni, jambo ambalo baharia yeyote aliliogopa kwani lilimkosesha meli iliyofuata.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kunakili namba ya kwenye jalada. Hiyo ni ya kitabu cha mzee, na mara nyingi ina herufi mbele. Unayoitaka iko ndani, pamoja na jina la meli. Wino ukififia, 1 na 7 hufanana, vivyo hivyo 3 na 8. Thibitisha kwa bandari ya usajili. Tani zikipishana kidogo usishtuke, kwa kuwa huenda kitabu kiliandika tani zote na daftari la usajili likaandika tani halisi za mzigo, au kinyume chake.

Kama namba hakuna, tafuta kwa jina la meli bila kutanguliza vifupisho vya aina ya meli, SS (ya mvuke) wala MV (ya injini ya mafuta), na uwe na mwaka mkononi. Chukulia Llandovery Castle ya kampuni ya Union-Castle. Ya kwanza, ya 1914, ilikuwa meli ya hospitali ilipozamishwa kwa topido Juni 1918. Ya pili ilijengwa 1925 ikapewa njia ya kuzunguka Afrika. Mzee aliyeanza kazi miaka ya 1930 hakupanda ile ya kwanza, hata bibi aape vipi.

Ukishapata namba, swali ni hati ziko wapi, na CLIP inalieleza vizuri kuliko tovuti nyingi za kulipia. Hati za 1861 hadi 1938 ziligawanywa: asilimia 10 ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, sehemu kubwa ya miaka inayoishia na 5 iko makumbusho ya bahari Greenwich, na takriban asilimia 70 ya jumla zilipelekwa Chuo Kikuu cha Memorial, St. John's, Kanada. Za 1939 hadi 1950 ziko Kew. Za 1915 zimewekwa mtandaoni bure, unasoma hapo hapo ulipo Mwanjelwa, Mbeya. Nyingine huagizwa, basi taja namba ya meli, mwaka na tarehe ya kushuka. Ombi lenye jina la mzee peke yake ni kuwatafutisha sindano kwenye rundo la nyasi.

Hati ikifika, usiishie kwenye mshahara. Tazama safu ya meli aliyotoka kabla ya hiyo. Kwa safu hiyo unarudi nyuma safari baada ya safari. Umri na mahali pa kuzaliwa vipokee kwa tahadhari. Karani aliandika alichosikia: Mwakalinga anaweza kuwa "Makalinga", na mtu wa Tukuyu akaandikwa mzaliwa wa bandari aliyopandia.

Udhaifu upo. Kurasa zote ni Kiingereza, mpangilio wake ni wa kizamani, na picha za madaftari ya usajili kwenye simu zinakula bando. Zifungulie kompyuta.

Jambo moja kuhusu steshenari zetu: usikubali kitabu kipigwe lamineshen. Joto huharibu karatasi na mihuri, na plastiki haitoki tena. Skani kwa dpi 300 kwa maandishi, 600 kwa mihuri iliyofifia. Pini zenye kutu usizing'oe kwa nguvu. Kwa baridi na unyevu wa Tukuyu karatasi inayozizunguka huwa imeshalegea. Simu nayo inatosha, ukipiga karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni.

Na kama babu alikuwa wa Ziwa Nyasa, CLIP haitamsaidia mtu wa Kyela. Meli za ziwani kama Hermann von Wissmann ya Wajerumani, Chauncy Maples ya wamisionari, au Vipya iliyozama 1946, mabaharia wake watafute katika nyaraka za Zomba nchini Malawi, na za enzi ya Mjerumani katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kabla ya nauli, pitia vitabu vya ubatizo: wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe 1891, na jina la baba wa mzee likishajulikana unaweza kuwatenganisha mabaharia wawili wenye jina moja.