TAHADHARI: Anayegawa "kuku na bata waliookolewa, lipia nauli tu"

Ndugu zangu wa Dar na Pwani, hasa wenye watoto wanaolilia bata wa kufuga, someni hili kabla hamjatuma hela.

Mwezi uliopita nilikutana na tangazo: kuku wa mayai na bata "waliookolewa wasichinjwe", wanatafutiwa nyumba zenye upendo, unapewa bure, unalipia nauli na tenga tu. Picha zilikuwa nzuri. Kuku wekundu walionyonyoka manyoya, na mmoja wao amevaa sweta la kufuma. Sweta! Mimi naishi Tabata, jasho linanitiririka hata usiku wa manane, na bado sikujiuliza huyo kuku anasikia baridi ya wapi.

Baadaye ndipo nikagundua picha zile ni za Uingereza. Kule jambo hili lipo kweli. Kuna shirika linaitwa British Hen Welfare Trust, la tangu 2005, linachukua kuku wa mayai kwenye mashamba yanapotaka kuwaondoa na kuwatafutia watu wa kuwafuga, na wapo waliowafumia sweta wale waliotoka bila manyoya. Lakini kule unajiandikisha, unachangia kidogo, na siku ikifika unakwenda mwenyewe kuwachukua. Huku kwetu kuku wa mayai aliyechoka ana soko lake. Akifika wiki ya 72 hadi 80 hivi, mwenye banda anapiga simu na mnunuzi anakuja na pikapu. Nani akugawie kitoweo bure? Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Bwana huyu mwenye tangazo ana maneno. Kila akifungua mdomo ni "dada yangu", "hawa ni viumbe wa Mungu". Nikatuma 35,000 ya nauli na tenga. Kesho yake 20,000 ya chanjo. Keshokutwa 15,000 ya kibali cha kusafirisha. Jumla 70,000, kwa ndege wa bure.

Cheti alichonitumia kiliandikwa "chanjo ya kideri, kinga ya maisha". Kideri ni ule ugonjwa wa kuku unaoua banda zima. Wafugaji mtacheka. Ile chanjo ya tone moja jichoni tuliyoizoea inarudiwa kila miezi mitatu. Tena cheti hakikuwa na jina la daktari, muhuri tu uliofifia. Daktari wa mifugo wa kweli amesajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa hiyo ukitajiwa daktari, omba jina lake ukaulizie. Kibali cha kusafirisha nacho hutolewa na afisa mifugo, hakipigwi picha na muuzaji akakurushia kwenye simu.

Najua mnadhani hapo ndipo aliponiingiza mjini, akala hela akapotea. Afadhali angepotea. Alileta. Bodaboda alifika saa mbili usiku na tenga moja: kuku sita badala ya kumi, bata wawili badala ya wanne. Kuku wamepauka, wanasinzia. Na mimi, kwa huruma zangu, nikawaingiza moja kwa moja kwenye banda la kienyeji wangu. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu.

Siku ya sita wakaanza kuharisha kijani, wengine shingo zikapinda kama wanatafuta kitu angani. Kufika wiki ya pili nilikuwa nimeshazika wageni wote sita na wangu 11 kati ya 14. Bata? Hawakukohoa hata mara moja. Daktari aliyekuja akaniambia bata anaweza kubeba kideri na asionyeshe dalili yoyote. Kwa hiyo hata ukiletewa bata mchangamfu, anaoga vizuri, anakula, mtenge kwanza. Yeye alisema wiki mbili zisipungue. Mimi sasa nakaa nao tatu, banda la mbali, viatu vya huko ni vya huko, na wageni nawalisha mwisho. Jirani alinishauri nichinje upesi niuze waliobaki. Kila mtaa una mtu wa ushauri huo, na ndivyo kideri kinavyosafiri na manyoya na utumbo kwenda banda la mwenzako. (Bata wamebaki. Mwanangu keshawapa majina, sina la kufanya.)

Nilipomwandikia yule bwana wa tangazo, hata pole hakutoa. Alidai kuku "walipata mshtuko wa kuhama", halafu papo hapo akanitangazia korongo taji "aliyeokolewa bwawani", 150,000. Jamani, huyo ni ndege wa porini aliye hatarini kutoweka. Kumkamata au kumweka nyumbani bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Rwanda walihangaika na jambo hili hili: makorongo taji walifugwa kama mapambo mahotelini na majumbani, mbawa zimekatwa, mpaka 2014 wenye nao wakapewa nafasi ya kuwaandikisha bila kushtakiwa. Wengi wakapelekwa hifadhi ya Akagera, na waliolemaa wanatunzwa Kigali. Aliyemwokoa korongo kweli anampeleka kwa watu wa wanyamapori, hamtajii bei. Nilipomwambia hivyo, akanibloku.

Namba yake nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi wamenipa RB, namba ya taarifa yangu kituoni. Siiweki hapa kwa sababu laini anabadilisha kama soksi. Alama zake hizi hapa: hataki uende kuchukua ndege mwenyewe, maana kila nilipoomba nifike, mara barabara mbovu, mara "kituo kipo karantini". Hataki simu ya video. Na jina linalotokea ukituma hela si lile analojitambulisha nalo.

Wiki hii ameibuka kwenye kundi la Morogoro kwa jina jipya, sasa anagawa bata mzinga. Picha ya kwanza ni yule yule kuku wa sweta.