Karakana ya Mwanakwerekwe Yapimwa kwa Milima ya Lesotho

Miongoni mwa karakana za pikipiki zilizobanana nyuma ya maduka ya vipuri ya Mwanakwerekwe, ipo moja ambayo, licha ya kutengeneza, hupokea watu wasiokuwa mafundi na kuwafunza namna ya kuzihudumia pikipiki zao wenyewe. Mafunzo huchukua takriban mwezi mmoja, kila jioni baada ya swala ya Alasiri hadi Magharibi inapokaribia, na ada yake ni Sh 150,000, ambayo mwanafunzi anaruhusiwa kuilipa kwa mafungu. Niliyafuata nikiwa likizoni Unguja, kwa kuwa kazi yangu ya kupima mikondo ya maji imenipeleka katika wilaya ya Thaba-Tseka, katikati ya milima ya Lesotho, ambako mtu akiharibikiwa na pikipiki njiani huenda asimwone mwengine isipokuwa mchungaji na farasi wake. Tathmini hii, kwa hivyo, inatoka kwa mtu aliyelipia elimu usawa wa bahari na kwenda kuitumia mahali palipopindukia mita 2,000.

Kwa ambao hawaijui nchi yenyewe, Lesotho imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, na hakuna kipande chake kilicho chini ya mita 1,000. Hata sehemu yake ya chini kabisa inakaribia mita 1,400. Kilima chetu cha Masingini, ambacho watu wa mjini hukiona ni mwinuko wa kutosha kuchosha baiskeli, hakifiki mita 150. Anayetoka Maseru kwenda Thaba-Tseka hupanda na kushuka mara kadhaa, na katika kilele cha Blue Mountain Pass huwa yupo mita 2,634. Magari huenda kushoto kama kwetu, na hilo ni jepesi. Baridi ndiyo isiyokuwa nyepesi, kwani Juni hadi Agosti theluji huanguka milimani na asubuhi maji ya ndoo huamka yameganda. (Wali nao, kwa faida ya anayepanga kuhamia, hauivi kwa muda tuliouzoea, maana maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100.)

Sehemu ya mafunzo inayostahili sifa zaidi ni ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini, na hapa fundi, ambaye wanafunzi wote humwita Maalim ingawa mwenyewe hucheka akiitwa hivyo, hana haraka hata kidogo. Hutandika kitambaa cheupe juu ya meza, akaifungua kabureta kipande baada ya kipande na kuvipanga kwa utaratibu wa kutoka, kisha akakichanganya kila kitu kwa kiganja chake na kumwambia mwanafunzi airejeshe. Siku ambayo mmoja wetu alichukua waya mwembamba wa breki ili azibue jeti, yaani ile skrubu ndogo ya shaba yenye tundu la kupitishia petroli, Maalim alimshika mkono kabla waya haujagusa. "Usilichokonoe hilo, mwanangu," alimwambia. "Tundu likitanuka hata kwa unywele, ndiyo basi tena, utakuwa unamnywesha mafuta yeye, na mfukoni unakauka wewe." Akaonyesha namna ya kuliloweka katika petroli, kulipuliza kwa pampu na kulitazama dhidi ya mwanga wa mlangoni mpaka duara lake lionekane kamili.

Umuhimu wa somo hilo haukunidhihirikia Unguja, ambako kabureta iliyowekwa kiwandani hufanya kazi yake bila ya kulalamika. Kule juu hewa ni nyepesi: katika mita 2,000 mgandamizo wake umepungua kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na pwani, lakini jeti haina habari na mabadiliko hayo, hivyo huendelea kupitisha petroli karibu ile ile kwa hewa iliyopungua. Matokeo yake ni pikipiki inayokohoa kwenye mpando, inayotoa moshi mweusi, inayokula mafuta kupita kiasi na kukosa nguvu pale hasa nguvu inapohitajika. Mtu asiyejua hudhani pistoni au ringi zimekwisha, akabadilisha vitu vya gharama bila ya sababu. Mimi nilifungua plagi tu, ile inayotoa cheche ndani ya injini, nikaikuta nyeusi kwa masizi, na nikakumbuka kwamba karakanani tulifunzwa kuisoma plagi kabla ya kuigusa spana nyengine yoyote: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa mambo ni sawa, ikiwa nyeusi petroli imezidi, na ikiwa nyeupe petroli imepungua na injini inaungua.

Tiba yake nayo tulifunzwa, ingawa kwa sababu nyengine kabisa, kwani Maalim aliieleza kama njia ya kupunguza ulaji wa mafuta kwa pikipiki zilizochakaa. Sindano ya ndani ya kabureta ina mifuo midogo upande wa juu, na klipu yake hukaa katika mmojawapo. Klipu ikipandishwa mfuo mmoja, sindano hushuka na petroli hupungua. Hilo hutosha kwa mwendo wa kawaida. Kwa anayeishi juu moja kwa moja, inafaa pia kubadilisha jeti kubwa kwa nyengine yenye tundu dogo zaidi, na kuirejesha ya mwanzo anapoteremka kwenda kukaa mabondeni au pwani, kwa sababu injini ikinyimwa petroli penye hewa nzito hupata joto la kuiangamiza. Hakuna, hata hivyo, jeti wala sindano itakayorejesha nguvu zote. Injini isiyokuwa na kifaa cha kuisukumia hewa hupoteza kiasi cha asilimia moja kwa kila mita 100 za kupanda, na pikipiki ya cc 200 niliyopewa kazini hupanda pale Blue Mountain Pass ikiwa na nguvu za pikipiki ndogo zaidi. Maalim hakuwa na haja ya kulijua hilo, lakini mwanafunzi anayekwenda milimani anapaswa kulijua kabla ya kuchagua mashine.

Jambo jengine ambalo karakana hii hulisisitiza mpaka likachosha ni chujio la hewa. Wapo madereva wa mjini wanaolitoa ili pikipiki "ipumue", na milimani kishawishi hicho huwa kikubwa zaidi kwa kuwa injini kweli inakosa pumzi. Maalim ana pistoni moja kuukuu aliyoitundika ukutani, imekwanguka michirizi kuanzia juu hadi chini, na humpa kila mwanafunzi aipitishie ukucha. Vumbi la barabara za changarawe za Lesotho halina tofauti na lililoikwangua pistoni ile.

Katika mambo ya umeme mafunzo ni mazuri lakini yameelemea pwani. Muda mwingi hutumika kupambana na kutu ya chumvi: kusafisha vichwa vya nyaya, kuvipaka mafuta ya mgando, kukagua chasisi chini ya tangi na kuosha pikipiki iliyopita ufukweni. Chumvi si adui wa milimani. Adui huko ni baridi, ambayo huidhoofisha betri usiku mmoja kiasi kwamba kitufe cha kuwashia hutoa mlio mfupi na kunyamaza, na juu ya baridi hatukuambiwa neno. Nililonufaika nalo ni ushauri wa Maalim, alioutoa kwa sababu za bei ya betri, kwamba mtu asikubali pikipiki isiyokuwa na kiki, yaani wenzo wa kuiwashia kwa mguu.

Upungufu wa somo la mafuta ya injini ni wa namna hiyo hiyo. Karakanani humiminwa mafuta ya 20W-50 katika kila injini, na kwa joto letu ni sawa, lakini katika asubuhi ya barafu mafuta hayo huwa mazito, kiki hukataa kwenda chini na injini hukaa bila ya kulainishwa vyema katika dakika zake za mwanzo. Mafuta ya 10W-40, ambayo hubaki mepesi zaidi penye baridi, pale ambapo kitabu cha pikipiki kinaruhusu, yanafaa zaidi. Kuieleza tofauti ya namba hizo kungechukua robo saa, na ninaamini hata mwanafunzi asiyetoka nje ya Unguja angefaidika kuelewa anachokinunua.

Pengo ambalo silisamehe ni la kuteremka. Unguja hakuna mteremko wa kumtisha mtu, na matokeo yake ni kuwa baadhi ya wenzangu darasani walikuwa wakisifu tabia ya kuiweka pikipiki huru na kuiacha ijiendee ili kuokoa petroli, bila ya yeyote kuwakemea. Katika mteremko wa kilomita kadhaa, wenye kona kali na changarawe, tabia hiyo inaua. Breki za ngoma zikishikwa mfululizo hupata moto, zikapoteza ung'ang'anizi wake na kumwacha dereva akikanyaga bila ya jibu. Njia salama ni kuteremka kwa gea ya chini, injini ikiizuia pikipiki, na breki zikiguswa kwa vipindi kabla ya kona. Nilimwandikia Maalim kuhusu jambo hili, naye akajibu kwa sauti ya kurikodi kwamba mwenye kupeleka pikipiki Lesotho "ana mambo yake", ila darasa litakaloanza ataliambia. Natumai amefanya hivyo, kwa sababu wapo Wazanzibari wanaoendesha Lushoto na Mbeya, si lazima mtu avuke mipaka.

Mazingira ya kufundishia ni ya karakana ya kawaida: kelele, moshi, mabenchi mawili ya mbao na seti moja ya spana inayozungushwa kwa zamu. Hakuna karatasi wala kitabu, kwa hiyo aende mtu na daftari lake. Umeme unapokatika, Maalim haahirishi darasa, bali humwamuru mwanafunzi abadilishe waya wa klachi kwa kupapasa, na zoezi hilo lililotuchekesha ndilo nililolitumia kandokando ya barabara, vidole vikiwa vimekufa ganzi ndani ya glovu na macho yakitokwa na machozi kwa upepo. Jengine la kumsifu ni kwamba hauzi vipuri, na hampeleki mwanafunzi katika duka fulani. Humfunza kukitambua kipuri cha bandia kwa uzito wake na ukali wa mifuo, kisha akamwachia achague.

Mwenye pikipiki isiyokuwa na kabureta, ambayo kompyuta yake hupima hewa na kujirekebishia petroli, atapata nusu tu ya faida, kwani mifumo hiyo haifundishwi hapo. Kwa wengine wote ninapendekeza mafunzo haya. Anayehamia nyanda za juu amwambie Maalim mapema, ili siku za kabureta apewe muda wa ziada wa sindano na jeti, na anunue jeti ndogo mbili au tatu za kabureta yake kabla ya kuondoka. Darasa halipokei zaidi ya watu sita, na katika mwezi wa Ramadhani husimama hadi baada ya Idi.