Gereji ya haibridi Mafiati: wanaanza na namba ya chesisi

Wenye Toyota Prius na C-HR za haibridi, yaani zinazotumia petroli pamoja na betri kubwa, hapa Mbeya, kuna gereji Mafiati, upande wa kushukia Mwanjelwa, nataka muijue. Mimi ni dereva, nabeba abiria wa ndege pale Songwe kwa Prius ya mwaka 2016. Usiku gari linalala uani, ubavuni mwa chumba cha wajukuu zangu, kwa hiyo habari za haibridi kuwaka moto siwezi kuzisoma nikazipita.

Nawapa nyota tano kwa walichofanya kabla hata boneti haijafunguliwa. Kijana aliniamkia, akasema, "Mzee, naomba kadi ya gari kwanza." Akasoma namba ya chesisi, yangu inaanza na ZVW50, akaitafuta kwa simu kwenye ukurasa wa Toyota wa Kijapani. Gari langu limo! Septemba 2018 Toyota iliyaita magari kama milioni 1.03 duniani yarudi kukaguliwa, Prius na C-HR za haibridi zilizotengenezwa kati ya Juni 2015 na Mei 2018. Tatizo lilikuwa kwenye nyaya zinazoingia kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uendeshe mota. Zinaweza kugusana na kifuniko, vumbi likajikusanya hapo, na kwa mtikisiko wa gari ganda la waya likasagika polepole mpaka zipige shoti na kuwasha moto. Sasa fikiria vumbi letu la kiangazi na barabara zetu za mitaani.

Wito kama ule unamfikia mwenye gari aliyesajiliwa kule Japani. Sisi tunaonunua mtumba hakuna anayetuandikia, na aliyeniagizia gari hakunigusia hata kidogo. Wengine wanahangaika na tovuti ya serikali ya Marekani ya kutafuta magari yaliyoitwa, lakini ile inataka namba ya herufi na tarakimu 17, na magari yaliyouzwa Japani hayana namba ya namna hiyo.

Kazi yenyewe niliisimamia kwa macho yangu. Fundi alizima gari, akavaa glovu nene za mpira, akachomoa ile plagi ya rangi ya chungwa inayokata umeme wa betri kubwa, akaitia mfukoni mwa ovaroli yake. Nikamuuliza mbona haiweki mezani na spana zingine. "Ikikaa mfukoni kwangu, mzee, hakuna wa kuirudisha wakati nimeshika nyaya." Tukasubiri kama dakika kumi umeme uliobaki kwenye inveta uishe, ndipo akafungua. Ganda la waya mmoja lilikuwa limekwaruzika, shaba haijaonekana. Akaukinga na kuufunga vizuri usisuguane tena. Shaba ingeonekana, asingefunika; ingebidi seti nzima ya nyaya ibadilishwe, na hiyo wanaiagiza Dar.

Akamalizia na kichujio cha feni ya betri, kile kilicho chini ya kiti cha nyuma. Kilikuwa kimeziba kwa vumbi na nyuzi za mazulia. Betri ikikosa hewa inapata joto na kufa kabla ya wakati wake, kwa hiyo abiria wangu, msiweke mabegi mbele ya tundu lile.

Niliwauliza pia kuhusu habari za Marekani, maana kijiweni zinatia watu hofu. Februari 2022 wenye Chrysler Pacifica za haibridi za 2017 na 2018 waliambiwa wasizichaji na waziegeshe nje, mbali na nyumba, kwa kuwa baadhi ziliwaka zikiwa zimezimwa. Zile ni za kuchomeka ukutani. Prius yangu hainywi umeme wa ukutani, na kasoro yake ni nyingine kabisa. Fundi alinieleza tofauti hiyo bila kunitisha ili nitoe hela zaidi, na hilo nimelipenda sana.

Bei ilikuwa shilingi 70,000 kwa yote, si ghali kwa kazi ile. Jumamosi foleni ni ndefu na hakuna kivuli cha kukaa, bora uende asubuhi katikati ya wiki. Kinachonikera ni kwamba hawatoi karatasi ya kazi iliyofanyika. Nimewaomba waandike namba ya chesisi, tarehe na walichokikuta kwenye waya, wagonge mhuri, ili siku nikiliuza gari hili mnunuzi naye ajue.