Camí de Cavalls, Menorca: siku 4, vipande 3 tu

Kila aliyenisimulia Camí de Cavalls, njia ya miguu ya pwani, alinihesabia kilomita. Ni 185, zinazunguka kisiwa chote cha Menorca, Hispania, zimegawanywa vipande 20, na wapo wanaozimaliza kwa siku 8. Mimi nilipanda meli ya usiku kutoka Barcelona, ninakofanya kazi, nikiwa na siku 4 na nia ya kutembea vipande 3 tu. Nashukuru sikuongeza hata kimoja.

Kupita ni bure. Nguzo fupi za mbao zinakuongoza, na sikupotea hata mara moja. Zamani walinzi wa pwani walipita humu kwa farasi, ndiko lilikotoka jina lake, yaani Njia ya Farasi. Baadaye sehemu nyingi zikabaki ndani ya mashamba ya watu, wenyeji wakadai haki yao ya kupita, na mwaka 2010 njia ikafunguliwa tena.

Mageti ndiyo yaliyonishika moyo. Ni ya mzeituni mwitu, na fito zake zimeachwa na mapindo yaleyale ziliyoota nayo, hakuna mbili zinazofanana. Unasukuma, unapita, unalirudishia mwenyewe ng'ombe wasitoke. Pembeni ni kuta za mawe matupu, bila udongo wala saruji. Nimekulia Pangani, kwenye kuta za matumbawe na chokaa, kwa hiyo nilisimama hapo muda mrefu nikitazama jinsi kijiwe kidogo kilivyochomekwa ili kikubwa kisicheze. Mtu anayekimbiza kilomita hakioni kile kijiwe.

Siku ya kwanza nilitoka Maó, mji mkuu wa kisiwa, hadi kijiji cha Es Grau, kama kilomita 10. Ya pili sikwenda popote: nilikaa kando ya ziwa la s'Albufera nikitazama ndege, na mkate na jibini la Mahón lenye ganda la rangi ya chungwa. Ya tatu nikaelekea rasi ya Favàritx, na hapo nchi inageuka kabisa. Mawe ni meusi, miti imekwisha, na mnara wa taa wenye mistari myeupe na myeusi unauona mapema, lakini haufikiki upesi.

Kipande cha tatu, kigumu kuliko vyote, ni ufuo wa Binimel·là hadi ufuo wa Els Alocs, karibu kilomita 9. Anza alfajiri, uoge Cala Pregonda (cala ni ghuba ndogo), kwenye mchanga wake mwekundu, kabla watu hawajafika. Baada ya hapo ni vilima, panda shuka, bila kivuli na bila bomba la maji. Nilibeba lita 3, zikaniishia njiani. Na Els Alocs hakuna basi. Gari niliyokuwa nimeiagiza na kuilipia ilichelewa saa 2, nikasubiri juani na koo limekauka. Hilo liliniuma, maana mzee au mgonjwa angedhurika pale. Thibitisha usafiri wako jana yake, kisha asubuhi piga simu tena.

Hema usibebe, kupiga kambi njiani ni marufuku. Nenda Mei au Oktoba. Julai jua litakuadhibu.

Njia naipa nyota 5, usafiri wa kuifikia nyota 2. Oktoba narudi na dada yangu. Tutaanzia Cala Galdana, twende chini ya misonobari hadi Cala Turqueta, kama kilomita 6, na tumeitengea siku nzima.