Kampuni iliyotupimia mtaa: tathmini ya huduma ya urasimishaji makazi, Tanga

Mtaa wetu uko kusini mwa Jiji la Tanga, upande wa barabara iendayo Pangani, mahali ambapo mashamba ya minazi na miembe yalikatwa vipande na kuuzwa kwa karatasi ya mkono yenye saini ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili watatu. Nyumba zilitangulia, ramani ikafuata. Kwa hiyo kampuni binafsi ya upangaji na upimaji ilipoletwa kwetu chini ya usimamizi wa halmashauri, haikuja kupanga mji mpya, bali kuurasimisha uliokwisha kuota wenyewe, na kurasimisha ni sawa na kumshonea mtu kanzu akiwa ameshaivaa. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa nia yangu ni kuipima huduma yenyewe, ambayo mitaa mingi ya Tanga, Muheza na hata Bagamoyo inashawishiwa kuinunua huku wananchi wakiulizana bei tu.

Hukumu yangu naitoa mapema. Vipimo vyao ni vya kuaminika, mchoro wao ni wa wastani, na katika mambo mawili yanayoufanya mtaa uwe mtaa, yaani njia na maji ya mvua, tulilipia kazi ambayo haikufanywa hadi mwisho.

Tulichangia shilingi 150,000 kwa kila kiwanja, ambayo wakati huo ilikuwa bei elekezi iliyotangazwa na Serikali baada ya kuishusha kutoka 250,000. Kwa fedha hiyo mwananchi alipaswa kupata utambuzi wa mipaka yake, mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, upimaji pamoja na bikoni, yaani vigingi vya zege vya kuonyesha mipaka, na ramani ya upimaji iliyosajiliwa, ili aweze kuendelea na umilikishaji, yaani kupewa hati. Gharama za hati hazimo. Jambo hili lilisemwa katika mkutano wa kwanza wa mtaa, tena kwa sauti ya kutosha, lakini lilisemwa mara moja tu, na wengi waliondoka pale wakiamini kwamba wamenunua hati. Kwa mtu aliyekopa kwenye kikundi ili achangie, tofauti ya hati na ramani ya upimaji si jambo dogo, na kampuni yenye uzoefu ingeliandika kwenye stakabadhi yenyewe.

Hatua ya utambuzi ndiyo iliyonipa imani. Vijana wa kampuni walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi na picha ya anga, wakimtaka mwenye eneo asimame kwenye kona za kiwanja chake pamoja na majirani wa pande zote, na hawakuandika mpaka wowote kabla jirani hajakubali. Palipokuwa na ubishi waliweka alama ya swali na kurudi na mjumbe wa kamati ya urasimishaji. Bibi mmoja, jirani yangu, aligoma kabisa kutaja mpaka wake wa nyuma.

"Shikamoo bibi. Tunaomba utuonyeshe kiwanja chako kinaishia wapi."

"Marahaba mwanangu. Kinaishia kwenye ule mwembe, lakini mwembe si wangu."

Kijana hakucheka wala hakuharakisha. Alitafuta mwenye mwembe, akamleta, na ikabainika kwamba shamba liliuzwa ila mti ukabaki wa muuzaji, jambo ambalo pwani hii halishangazi mtu, lakini fomu ya kampuni haikuwa na nafasi ya kuliandika. Aliliandika pembeni kwa kalamu. Maelezo hayo ya pembeni yamekwisha kuzuia ugomvi mmoja, na kwa hatua hii nawapa sifa zote.

Upimaji nao ulikwenda vizuri. Walitumia vipokeo vya setilaiti vinavyotoa usahihi wa sentimita, na nilipopima mwenyewe kwa utepe umbali wa bikoni hadi bikoni upande wa mbele wa kiwanja changu, jibu lililingana na namba iliyo kwenye ramani. Bikoni zilizikwa kwa zege la kutosha, isipokuwa chache za viwanja vya kando ya njia ambazo magurudumu ya mikokoteni yameshaziinamisha.

Sasa nije kwenye mchoro. Rasimu ilibandikwa kwenye ukuta wa madrasa, karatasi kubwa yenye rangi, na wananchi wakaitwa watoe maoni. Anayesoma nadharia ya mipango miji atakumbuka ngazi ya ushirikishwaji aliyoichora Sherry Arnstein mwaka 1969, yenye vidato vinane, kuanzia kudanganywa hadi wananchi kushika hatamu. Vidato vya katikati ni kupewa taarifa, kuombwa maoni na kutulizwa, na Arnstein aliviweka pamoja kama ushirikishwaji wa jina, kwa kuwa anayeombwa maoni hana hakika kwamba maoni yake yatabadilisha chochote. Mkutano wetu wa ukutani ulikuwa kwenye kidato cha kuombwa maoni. Wazee walikodoa macho wakitafuta nyumba zao, kila aliyeiona yake akaridhika, na watu walikuwa tayari kutawanyika bila mtu kuuliza njia za kijivu kati ya nyumba zina upana gani.

Aliyeokoa siku ile ni afisa mipango miji wa kampuni, binti mdogo wa umri ila mjuzi wa kazi. Alipoona watu wanasoma viwanja bila kusoma njia, aliomba kamba na utepe, akatutoa nje wote. Barabara kuu ya ndani ya mtaa ilikuwa imechorwa mita 6. Alinyoosha kamba mita 6 mbele ya duka la kona, kamba ikapita juu ya baraza la duka na katikati ya kibanda cha mchuuzi wa urojo. Hapo ndipo mjadala wa kweli ulipoanza, na ulikuwa mkali. Mwenye duka alisema hatoi hata shubiri. Mama mmoja akamuuliza gari la kunyonya vyoo litapita wapi choo chake kikijaa, na watu wakaguna, kwa maana kila mmoja wetu ana choo cha shimo na anajua gari lile lina ukubwa gani. Akaungwa mkono na dereva wa bajaji, akaungwa mkono na mwendesha baiskeli, na Tanga baiskeli si mapambo. Kwa saa ile tulipanda vidato kadhaa vya Arnstein bila hata kumjua.

Kampuni ikarudi ofisini, na mchoro wa mwisho ulipokuja, barabara ile ilikuwa mita 6 sehemu zisizo na kitu na mita 4 mbele ya wale waliogoma. Hili ndilo lalamiko langu kuu. Barabara hupimwa kwa sehemu yake finyu kuliko zote, na mita 4 mbele ya duka la kona maana yake ni mita 4 kwa mtaa mzima, iwe kwa zimamoto au kwa gari la vyoo. Tulipohoji, tulijibiwa kwamba urasimishaji hauna fedha za fidia na kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Ni kweli fidia haikuwepo kwenye bajeti. Lakini taaluma ya mipango ina dawa ya siku nyingi, ambayo ni kila mwenye eneo kuchangia sehemu ndogo ya ardhi yake kwa uwiano, ili mzigo wa barabara usimwangukie yule tu ambaye nyumba yake iko kando yake. Mji wa Frankfurt, Ujerumani, ulipata sheria ya utaratibu huo mwaka 1902 kwa juhudi za meya wake Franz Adickes, na Japani ilijenga sehemu kubwa ya miji yake kwa njia hiyo. Kwetu mwenye duka aliombwa atoe mita 2 peke yake, huku sisi wa nyuma, tutakaonufaika na barabara hiyohiyo, tukiombwa sifuri. Mimi ningegoma pia.

Kamati ingeweza kufikishiwa wazo hilo: wa nyuma wachangie fedha ya kuhamisha baraza na kujenga upya ukuta wa duka. Si lazima lingepita. Ila kuliweka mezani ndiko kunakotofautisha upangaji na uchoraji, na mchoro tuliopewa, kwa sehemu kubwa, ni picha ya mambo yalivyo iliyopigwa mhuri.

Anayetaka kuona thamani ya njia zilizotengwa mapema na apite Ngamiani, hapahapa Tanga. Barabara zake zimenyooka na zina namba, mgeni anaelekezwa kwa namba ya barabara naye anafika, bomba jipya la maji lina pa kupita, na nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati zinageuzwa ghorofa bila mtaa kuzibwa. Sisemi hivyo kwa kuusifu ukoloni. Ngamiani ilipangwa kuwa makazi ya Waafrika ng'ambo ya reli, mbali na upepo wa bahari wa Raskazone waliojitengea Wazungu, na mpango wenyewe ulikuwa wa kutenganisha watu. Lakini waliotenganishwa walirithi upana wa barabara, na upana huo unawahudumia wajukuu zao hadi leo. Mtaa wetu, uliopangwa na raia huru kwa ridhaa yao, utarithisha mita 4.

Kuhusu maji ya mvua nitakuwa na ukali zaidi, kwa sababu hapa hapakuwa na mgomo wa mtu yeyote. Mtaa unateremkia kwenye korongo linaloishia kwenye mikoko, na masika, kati ya Machi na Mei, maji hukatiza viwanja badala ya kufuata njia. Mchoro una mstari mmoja wa buluu ulioandikwa "mfereji", ukifuata mpaka wa viwanja kwa unyoofu wa rula. Maji hayafuati rula. Patrick Geddes, yule Mskoti aliyewafundisha wapanga miji kwamba uchunguzi wa mahali hutangulia mpango, angeuliza kwanza miinuko iko wapi. Linaloniudhi ni kwamba kampuni ilikuwa nayo miinuko hiyo mkononi: kipokeo cha setilaiti kinaposoma bikoni hakisomi mahali tu, husoma na kimo, na kila bikoni mtaani mwetu ina kimo chake kwenye faili lao. Kuziunganisha namba hizo na kuona mteremko unaelekea wapi ni kazi ya jioni moja kwa mtu mwenye kompyuta. Haikuombwa kwenye mkataba, wakasema, na kweli haikuombwa, kwa kuwa kamati yetu ina mwalimu, fundi seremala na muuza samaki, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kitu hicho kinaombwa.

Wapo pia majirani wa chini kabisa, karibu na mikoko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa, na kila mpanga miji wa pwani anaijua sheria hiyo kabla hajavua viatu. Nyumba zao hazikupimwa, na hilo ni sahihi. Lisilo sahihi ni kwamba michango yao ilipokelewa kama ya wengine, na habari ya mita 60 ikawafikia siku mchoro ulipobandikwa. Baadhi wamerudishiwa fedha baada ya kamati kufuatilia, wengine wanaambiwa wasubiri. Picha ya anga ilikuwepo tangu mwanzo, na kupima mita 60 juu yake hakuhitaji mchango wa mtu.

Umilikishaji uko nje ya huduma hii, kwa hiyo naupitia kwa haraka. Waliolipia ada na kodi ya pango la ardhi wameanza kupata hati, wengi wetu bado. Tangu Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge, yaani MKURABITA, ulipoanzishwa mwaka 2004 kwa mawazo ya mchumi Hernando de Soto wa Peru, mwananchi ameahidiwa kwamba hati itageuza nyumba yake kuwa mtaji. Kwa ninaowafahamu, faida iliyoonekana kwanza si mkopo wa benki. Ni ukimya: ndugu wa marehemu wameacha kusogeza ua usiku.

Kwa mtaa unaofikiria kuajiri kampuni ya namna hii, ningesema iajirini, lakini msiulipie mkataba wote kwa hatua ya viwanja. Gaweni malipo, na sehemu ya maana ibaki hadi njia zote zipimwe na kuwekewa bikoni pande zote mbili, kwa kuwa kwetu bikoni za viwanja ziko kamili ilhali barabara haina hata moja yake. Dai la pili liwe ramani ya miinuko. Dai la tatu ni orodha ya nyumba zilizo ndani ya mita 60, itolewe kabla ya shilingi ya kwanza kukusanywa.

Mchoro wetu upo ofisi ya serikali ya mtaa, na yeyote anaruhusiwa kuutazama saa za kazi. Kamati imekwisha kuandika barua kuomba vile vimo vya bikoni, na kampuni imejibu kwamba itavitoa, kwa malipo ya ziada.